Kumlinda Kijana Kwenye Mitandao ya Kijamii: Mwongozo wa Mzazi Tangu Shule Zinapofungwa Hadi Zinapofunguliwa

Mwanafunzi wa shule ya upili ya bweni nchini Kenya huishi maisha mawili ya simu. Muhula ukiwa unaendelea hana simu, kwa kuwa shule haziruhusu wanafunzi kuwa nazo. Shule zikifungwa Aprili, Agosti na mwishoni mwa mwaka, anaishika tangu anapoamka hadi usingizi unapomshinda. Kijana aliyekaa muhula mzima bila mitandao hurejea Nakuru, Kisumu au Kakamega akiwa na kiu ya kujua yaliyompita, na kwa siku chache tu huongeza marafiki wapya, hujiunga na vikundi vya WhatsApp asivyojua vilianzishwa na nani, na hujibu salamu za watu ambao hajawahi kuonana nao. Mzazi wakati huo yuko kazini: sokoni Kibuye, kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, ofisini, au barabarani na matatu. Kwa sababu hiyo mwongozo huu umepangwa kwa kufuata likizo, ingawa mzazi wa mtoto wa shule ya kutwa anaweza kuuanza wakati wowote.

Wazazi wengi huanza kwa kuuliza ni programu gani itakayomzuia mtoto asifike mahali pabaya. Swali hilo ni halali, lakini si la kwanza. Mipangilio ya simu hupunguza hatari, ila kijana akiazima simu ya binamu yake au akiingia saiba ya mtaani, mipangilio hiyo imebaki nyumbani. Kinachomfuata popote aendapo ni kujua kwamba akikwama anaweza kumwambia mzazi wake na asijute kusema. Nyingi kati ya hatua zifuatazo zinajenga hali hiyo, na chache zinaizuia isibomoke.

Hatua ya kwanza: zungumzeni kabla simu haijatoka kabatini

Chagueni siku moja au mbili baada ya shule kufungwa, kijana akiwa amepumzika na amekula, na mkae bila wageni. Mkubaliane mambo machache yanayoweza kufuatwa: programu atakazotumia, mahali simu italala usiku, nani mwingine anajua nenosiri la kuifungua, na bando litanunuliwa na nani. Yaandikeni kwenye karatasi iwapo familia yenu ina mazoea ya kuandika. Kama haina, inatosha wazazi wote wawili kusema jambo lile lile. Mama akisema simu inazimwa saa tatu na baba akaja saa nne kumwonyesha kijana video za mpira, makubaliano yamekufa siku hiyo hiyo.

Kuna ahadi moja ambayo mzazi lazima aitoe yeye, na aitoe waziwazi: kijana hatanyang'anywa simu wala kupigwa kwa sababu amekuja kusema kwamba jambo baya limemtokea mtandaoni, hata kama yeye mwenyewe alianza kwa kukosea. Wazazi huogopa ahadi hii wakidhani inaruhusu utundu. Lakini hebu fikiria upande wa pili. Mtu anayemwinda mtoto mtandaoni hutegemea hofu hiyo. Maneno yake ya kawaida ni kwamba mama yako akijua atakuua, na kama mtoto ameshasikia nyumbani kwamba kosa lolote la simu litaishia kwa kiboko, atayaamini. Ukiwa umeahidi, timiza. Siku atakapokuja akisema, "Mama, kuna mtu ananisumbua kwa simu," jibu la kwanza liwe, "Asante kwa kuniambia, kaa hapa tuangalie pamoja." Lawama, kama zipo, zinaweza kusubiri kesho.

Je, inafaa kusoma jumbe za kijana kwa siri? Wapo wazazi wanaounganisha WhatsApp ya mtoto na kompyuta au simu yao bila yeye kujua. Kwa mtoto wa miaka 11 au 12 nakubali kwamba mzazi aone kila kitu, na mtoto aambiwe hivyo. Kwa wa miaka 16 naona upelelezi wa siri una hasara kubwa kuliko faida, kwa kuwa siku atakapougundua, na ataugundua, atafungua akaunti nyingine ambayo hutaijua jina. Mwambie wazi kwamba una haki ya kuomba kuiona simu akiwa amekaa nawe, na uitumie haki hiyo kwa nadra. Hatari ya kweli ikionekana, kwa mfano kuna dalili kwamba anapanga kukutana na mtu mzima asiyemjua, usalama wake unatangulia faragha yake.

Likizo nyingi huishia kwa nyanya, Vihiga, Siaya au Bungoma, ambako mwenye nyumba huenda ana simu ya kubonyeza na hajawahi kuona TikTok. Usimtwike nyanya kazi ya kukagua programu. Mwombe jambo moja analoliweza vizuri: simu ikabidhiwe kwake baada ya chakula cha jioni, na yeyote atakayemwita kijana nje ya boma kwa simu ajulikane ni nani.

Hatua ya pili: tengenezeni laini na pesa

Laini ya mtoto husajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi au mlezi, kwa hiyo lolote litakalofanywa na laini hiyo litaanza kwa kuhusishwa nawe. Piga *106# kwenye laini ya Safaricom uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Wazazi wengine hugundua hapo laini ambayo hawakuwahi kuinunua.

Katika nyumba nyingi simu ni moja, na mtoto huitumia ile ile yenye M-Pesa ya mzazi. Ikiwa ndivyo ilivyo kwenu, badilisha PIN ya M-Pesa ikiwa mtoto anaijua, na isiwe mwaka wake wa kuzaliwa. Mara moja kwa juma pitia jumbe za M-Pesa, au omba taarifa kupitia *334#, ukitafuta malipo madogo madogo kwenda kwa kampuni za kamari. Sheria inazuia kamari kwa aliye chini ya miaka 18, lakini kampuni hutambua laini na si kidole kinachobonyeza, na mchezo wa ndege inayopaa huchezwa na vijana wengi kwa laini za wazazi wao. Mkopo wa Fuliza usioeleweka ulitoka wapi mara nyingi una maelezo yake hapo.

Hatua ya tatu: umri uandikwe ulivyo

WhatsApp, Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat zote zinataka mtumiaji awe amefikisha miaka 13. Watoto wengi huandika mwaka wa uongo ili waingie mapema, na wakati mwingine ni mzazi mwenyewe au kaka mkubwa anayewasaidia. Tatizo huonekana baadaye: mtoto wa miaka 14 ambaye akaunti yake inasema ana miaka 21 huhesabiwa mtu mzima, na kinga zote zilizowekwa kwa vijana haziji kwake. TikTok, kwa mfano, huifanya akaunti ya mwenye miaka 13 hadi 15 kuwa ya faragha tangu mwanzo, haimpi aliye chini ya miaka 16 huduma ya jumbe za moja kwa moja, na hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kurusha video mubashara. Instagram ilianzisha akaunti maalum za vijana mwaka 2024, ambazo ni za faragha, zinanyamazisha arifa kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi, na zinamtaka aliye chini ya miaka 16 apate idhini ya mzazi kabla ya kulegeza masharti.

Fungueni sehemu ya taarifa binafsi katika kila akaunti na mwangalie mwaka uliomo. Ukiwa si wa kweli, urekebisheni. Programu ikikataa, ni afadhali kufungua akaunti mpya na kuifuta ya zamani, hata kijana akilalamika kwamba atapoteza wafuasi wake.

Hatua ya nne: mipangilio, mkiwa mmekaa pamoja

Kazi hii huchukua jioni moja. Simu iwe mkononi mwa kijana, si mwako, kwa sababu anayebonyeza ndiye anayekumbuka, na mara nyingi yeye ndiye atakayekufundisha.

Anzeni na WhatsApp, kwa kuwa ndiyo inayotumika kila nyumba. Katika Mipangilio, chini ya Faragha, kuna swali la nani anaweza kumwongeza katika vikundi. Likiachwa wazi kwa kila mtu, yeyote mwenye namba yake anaweza kumtumbukiza katika kikundi cha picha za ngono au cha mikopo bandia akiwa amelala. Chagueni watu waliohifadhiwa kwenye simu tu. Fanyeni vivyo hivyo kwa picha ya wasifu, maelezo yake, na wakati alipoonekana mara ya mwisho. Washeni kunyamazisha simu zinazopigwa na wasiojulikana. Kisha wekeni uthibitishaji wa hatua mbili, ambao ni namba ya siri ya tarakimu sita, na mwambie kijana kwamba tarakimu sita zinazotumwa kwa ujumbe mfupi haziombwi na rafiki wa kweli: anayesema "nimetuma msimbo wangu kwako kwa makosa, nirudishie" anataka kuiteka akaunti. Mwisho, tazameni orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kifaa msichokitambua, kwa mfano kompyuta ya saiba aliyosahau kujitoa, kiondoeni papo hapo.

Kwa Facebook, mpangilio wenye thamani kubwa ni ule ambao wengi hawaugusi: orodha ya marafiki. Ificheni ili aione mwenyewe tu. Mtu anayetaka kumtisha kijana kwa picha hutafuta kwanza majina ya shangazi, mwalimu na wanadarasa wake, na akikosa majina hayo kitisho chake kinakuwa maneno matupu. Kwa sababu hiyo hiyo akaunti ya Instagram iwe ya faragha, na orodha ya anaowafuata TikTok ifichwe.

TikTok ina kipengele kiitwacho Family Pairing, kinachounganisha akaunti ya mzazi na ya mtoto kwa kupiga picha msimbo wa mraba unaoonekana kwenye simu ya mmoja wao. Kikishaunganishwa, mzazi anaweza kupanga dakika za kila siku, kuzuia video zenye maneno fulani zisimfikie na kuamua nani atoe maoni. Kwa walio chini ya miaka 18 programu yenyewe huweka kikomo cha dakika 60 kwa siku, ambacho kijana anaweza kukipita kwa kuandika namba ya siri. Ukiwa umeunganishwa, namba hiyo unaishika wewe. Kwa simu za Android, Family Link ya Google haina malipo, na humwezesha mzazi kuidhinisha programu kabla haijapakuliwa. Inafaa zaidi kwa watoto wadogo.

Snapchat ina ramani inayoonyesha mtu alipo, ifichwe. Telegram ina njia za umma (channels) ambazo mtu yeyote anaweza kuziingia, na hapo mpangilio hausaidii sana kuliko kuuliza tu: umejiunga na njia zipi, na kwa nini?

Hatua ya tano: usiku

Simu zote, pamoja na za wazazi ikiwezekana, zichajiwe sebuleni au chumbani kwa wazazi. Mazungumzo yanayoharibika mengi hufanyika baada ya saa nne usiku, nyumba ikiwa kimya na bando la bei nafuu likiwa limebakiza dakika chache. Nunua saa ya kengele, ili asiseme anaihitaji simu ya kumwamsha.

Hatua ya sita: mfundishe mbinu zenyewe, usiishie kwenye onyo

"Jihadhari na watu wabaya" ni onyo lisilomsaidia kijana, kwa kuwa anayemjia hafanani na mtu mbaya. Anahitaji kuzijua hatua ambazo mtu huyo huzipitia, ili azitambue zikiwa katikati.

Anayemwandaa mtoto kwa unyanyasaji huanza na sifa na usikivu. Anakubali kila anachosema kijana, anakasirika pamoja naye dhidi ya wazazi, anamtumia bando au shilingi 200 za chipsi. Kisha anauliza maswali yanayoonekana ya kawaida: unalala chumba kimoja na nani, simu yako inashikwa na nani, mama anarudi saa ngapi. Baada ya hapo anahamisha mazungumzo kutoka mahali pa wazi hadi kwenye jumbe zinazojifuta, anaomba jambo fulani libaki siri, na mwisho anatuma nauli. Mwambie kijana kwamba ishara ya kukimbia ni siri pamoja na zawadi. Mtu mzima mwenye nia njema hana sababu ya kumtaka mtoto amfiche kwa wazazi wake. Nauli kutoka Mumias hadi Nakuru iliyotumwa na mtu ambaye hamjawahi kuonana si ukarimu.

Mbinu ya pili ni ya haraka, na huwalenga sana wavulana, jambo ambalo wazazi wengi hawalitarajii. Msichana mrembo anaomba urafiki Instagram au Facebook. Ndani ya saa moja wamehamia WhatsApp, ametuma picha ya utupu, na anaomba ya mvulana, au anapiga simu ya video ambayo upande wa pili unairekodi. Dakika chache baadaye sauti inabadilika: "Tuma elfu tatu kabla ya saa mbili ama hii inaenda kwa shangazi yako na darasa lenu lote," ikifuatwa na picha ya skrini yenye majina ya ndugu zake. Hakukuwa na msichana. Akituma hizo elfu tatu, ataombwa tano, kwa sababu amethibitisha kwamba analipa. Msimulie kijana kisa kama hiki mkiwa mnapika au mko safarini, bila kumtazama kama mshukiwa, na umalize kwa maneno haya: likikupata, usilipe, usifute chochote, niamshe hata kama ni saa tisa usiku.

Mitihani ya kitaifa inapokaribia, njia za Telegram hujaa watu wanaouza karatasi za KCSE. Wanaouza ni matapeli, na mtahiniwa anayelipa anahatarisha pesa na matokeo yake pamoja. Mzazi anayetoa pesa hizo akijua zinakokwenda, na wapo, amemfundisha mtoto kumwamini mgeni wa mtandaoni mwenye ahadi nono. Udanganyifu huo huo huvaa sura nyingine: majaribio ya mpira yenye ada ya usajili, uanamitindo unaotaka picha za mavazi ya kuogelea, ufadhili wa masomo unaoomba picha ya kitambulisho cha mzazi, kazi ya Ghuba kwa aliyemaliza kidato cha nne juzi. Kanuni moja inatosha kwa zote: hakuna kulipa, kutuma picha wala kutuma stakabadhi kabla mtu mzima wa nyumbani hajapiga simu kwenye ofisi yenyewe, kwa namba aliyoitafuta mwenyewe.

Hatua ya saba: picha, zikiwemo zile unazoweka wewe

Wazazi huwaonya watoto kuhusu picha, kisha siku ya matokeo wanaweka kwenye hali ya WhatsApp karatasi yenye jina kamili, shule na namba ya mtihani, na siku ya kuripoti wanaweka barua ya kujiunga na shule pamoja na picha ya mtoto akiwa na sare yenye nembo. Mgeni akizikusanya hizo tatu anaweza kujitambulisha kwa mtoto kama rafiki wa familia na akaaminika. Furahia mafanikio ya mwanao, lakini funika namba, ficha nembo, na umuulize yeye kama anakubali picha hiyo iwekwe. Kijana anayeombwa ruhusa na mzazi hujifunza kwamba ruhusa yake ina uzito.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa, na picha ni data. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo shule, kanisa au klabu ya mpira ikiweka picha ya mwanao bila kukuuliza, una haki ya kuandika na kuomba iondolewe, na ofisi hiyo hupokea malalamiko.

Kijana mwenyewe naye ajue kwamba anaweza kuwa mkosaji. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 37, inamwadhibu anayesambaza picha ya faragha ya mwingine kwa faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Ikiwa aliye pichani ni mtoto na picha ni ya ngono, kifungu cha 24 kinafikia shilingi milioni 20 au miaka 25, na kinagusa hata kuihifadhi. Mvulana anayepeleka mbele picha ya msichana wa darasa lao "kwa mzaha tu" amevuka mpaka huo. Mzazi anayeipeleka katika kikundi cha wazazi ili kuwatahadharisha wenzake ameuvuka pia.

Hatua ya nane: mambo yakiharibika

Ikiwa kijana anatishwa, ananyanyaswa au picha yake imesambaa, fuateni mpangilio huu, kwa kuwa wengi huanza na kufuta, na kufuta ndiko kunakoharibu kesi.

Kwanza, mtulize. Mwambie kwamba aliyetenda uhalifu ni yule mwingine. Usimwache peke yake usiku wa kwanza. Aibu ya namna hii imewafanya vijana kujidhuru, na maneno kama "afadhali nisiwepo" yachukuliwe kwa uzito wake.

Pili, hifadhini ushahidi. Pigeni picha za skrini zinazoonyesha jina la akaunti, namba ya simu, tarehe na vitisho vyenyewe. Ujumbe wa kutazamwa mara moja WhatsApp haukubali picha ya skrini, kwa hiyo tumieni simu ya pili kupiga picha ya kioo. Nakilini anwani ya wasifu wa akaunti hiyo, kwa kuwa jina la kuonyesha hubadilishwa kwa sekunde moja. Ujumbe wa M-Pesa wenye jina la aliyelipwa ni ushahidi mkubwa. Picha yenyewe ya utupu msiitume kwa mtu yeyote, hata ndugu anayejua mambo ya kompyuta. Iacheni kwenye simu ya kijana hadi polisi waelekeze.

Tatu, msilipe na msijibizane. Baada ya kuhifadhi, iripotini akaunti ndani ya programu kisha mwizuie. Kwa picha za aliye chini ya miaka 18 kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, na inayotumika kutoka nchi yoyote. Simu hutengeneza alama ya kidijitali ya picha, na ni alama hiyo tu inayotumwa. Picha haiondoki kwenye simu. Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat ni kati ya majukwaa yanayotumia alama hizo kuizuia picha isipakiwe.

Nne, ripotini. Namba 116 ya Childline Kenya hailipishwi, hupokelewa saa 24, na kijana anaweza kuipiga mwenyewe bila mzazi. Ni mahali pazuri pa kuanzia hata kama bado hamjaamua kwenda polisi. Namba 1195 ni ya ukatili wa kijinsia, nayo ni ya bure. Katika kituo cha polisi ombeni dawati la jinsia na watoto, andikisheni taarifa, na msiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Idara ya Upelelezi hupokea taarifa kwa 0800 722 203. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu anaweza kuwasindikiza, na mara nyingi uwepo wake huharakisha mambo kaunta inapokuwa na uvivu. Jamaa mmoja mwenye busara aende nanyi pia. Wazazi wenye uchungu husahau kuuliza jina la afisa aliyewahudumia.

Ikiwa kijana amekutana na mtu huyo na kudhulumiwa kimwili, hospitali inatangulia kituo cha polisi. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120, zote zikifanya kazi vizuri zaidi mapema. Asioge wala kubadilisha nguo kabla ya kuchunguzwa; akiwa amebadilisha, nguo hizo ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki. Fomu ya P3 ya polisi, ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, haiuzwi.

Mhusika akiwa mwanafunzi mwenzake, njia huwa tofauti kidogo. Zungumza na wazazi wake na mwalimu wa ushauri nasaha kabla ya kwenda kituoni, isipokuwa picha za ngono au vitisho vya kuua vimehusika. Kikao cha familia mbili mbele ya mzee wa Nyumba Kumi kimetatua matusi mengi ya vikundi vya WhatsApp. Hakitoshi, hata kidogo, kwa kosa la ngono, na pesa zinazopendekezwa hapo ili yaishe nyumbani zikataliwe.

Hatua ya tisa: kabla ya shule kufunguliwa

Siku mbili kabla ya kurudi, mketi tena na simu. Kijana aseme ni mazungumzo yapi yamebaki wazi na nani anayemsubiri. Wengine hutuma barua au wageni shuleni siku ya kutembelewa, na jina lililotajwa mapema humsaidia mwalimu wa malezi langoni. Aondoke katika vikundi asivyovihitaji. Hakikisheni akaunti zote zina uthibitishaji wa hatua mbili na kwamba barua pepe ya kurejesha nenosiri ni moja ambayo mzazi pia anaifikia, kwa sababu akaunti isiyofunguliwa kwa wiki nyingi ndiyo inayotekwa bila mwenyewe kujua.

Simu izimwe, laini itolewe na ihifadhiwe na mzazi, na mdogo wake asiirithi kwa muda huo akiwa na akaunti za kaka au dada bado zimefunguliwa ndani. Msichana wa miaka 10 anayecheza na TikTok ya dada yake wa miaka 17 anapokea video na jumbe za mtu wa miaka 17. Kama ni lazima aitumie, jitoeni katika kila akaunti kwanza, kisha muanze naye upya kwenye hatua ya kwanza.